DT 125 ya zamani haiwaki kwa kiki, ikisukumwa mteremkoni inashika. Nianzie wapi?

musawo_wa_mlimani aliandika:

Habari zenu mafundi na wapanda pikipiki wote.

Nina Yamaha DT 125, ile ya zamani ya tustroki, inayopozwa na hewa, ya kiki tu bila stata. Ilikuwa ya marehemu baba mdogo. Alikuwa bwana shamba huku Kasese, magharibi mwa Uganda, na aliipanda kwa wakulima wa kahawa tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Alipofariki ikaja kwangu, kwa sababu ndani ya ukoo ni mimi peke yangu ninayefanya kazi milimani. Mimi ni mkunga, ndiyo maana huku wananiita musawo, yaani daktari. Kituo chetu kiko upande wa Kyarumba, na akina mama tunaowahudumia wengine wanaishi juu zaidi, mahali ambapo mvua ikinyesha njia inakuwa utelezi mtupu na boda wengi wanamshusha abiria chini amalizie kwa miguu. DT inapanda hadi mlangoni. Kwa hiyo siiuzi, na nawaomba wale watakaoniambia ninunue mpya wasinilaumu nikishikilia hapo.

Shida ilianza baada ya pikipiki kukaa stoo miezi kadhaa, nilipokuwa masomoni. Niliporudi iliwaka kwa shida. Ikiwaka inatoa moshi mweupe wenye ubluu kidogo, mwingi, na moshi huo hauishi hata injini ikishapata joto. Ukiiacha bila kuvuta resi inakoroma, inakohoa, inazima. Kiki ikagoma polepole, nikawa naiwasha kwa kuisukuma kwenye mteremko wa kituo, gia ya pili, na inashika. Juma hili hata mteremko umekataa.

Fundi wa kwanza alisema betri. Betri mpya ipo, taa na honi safi, pikipiki kimya. Wa pili akaweka plagi mpya na kusafisha kabureta. Siku hiyo iliwaka, tukafurahi, kesho yake asubuhi kimya. Wa tatu anasema ni pistoni na ringi, silinda ipelekwe Kampala ikachongwe. Hiyo ni karo ya mtoto ya muhula mzima, siwezi kuitoa kwa kubahatisha.

Mengine niliyoyaona, hata kama hayana maana: petroli ni ya stesheni, si ya chupa za barabarani. Oili ya tustroki iko kwenye tangi lake na inapungua kama kawaida. Oili ya giaboksi nayo inapungua, nimeshaiongeza zaidi ya mara moja, ingawa chini ya injini ni pakavu, hakuna tone sakafuni. Plagi kila nikiitoa imelowa.

Spana ninazo na siogopi kuchafua mikono. Niambieni nipime nini, nianze na kipi kabla ya kipi.

---

boda_kikorongo aliandika:

Pole sana musawo. Kwanza hilo la betri: DT ya kiki inapata moto wake kutoka kwenye magneto, ile sumaku inayozungushwa na injini na kuzalisha umeme, na CDI, kile kisanduku kinachopiga moto wa plagi. Ukiitoa betri kabisa inatakiwa iwake. Ulinunua taa na honi, hukununua moto wa plagi.

Mimi nasema ni moto dhaifu. Pikipiki inayowaka kwa kusukumwa na kukataa kiki, mara nyingi ni ile koili ndogo ndani ya magneto, inayolisha CDI, imeanza kufa. Kiki haiizungushi kwa kasi ya kutosha, mteremko unaizungusha. Pima hivi. Toa plagi, iweke kwenye kofia yake, igusishe chuma safi cha silinda, mbali na tundu la plagi, maana mvuke wa petroli unaotoka pale unaweza kushika moto. Piga kiki gizani kidogo. Cheche iwe ya bluu na itoe mlio wa "tak". Kama ni ya njano au nyekundu, nyembamba, basi nimepata.

Kipimo kikali zaidi: chukua plagi ya zamani, panua mdomo wake mpaka milimita 6 hivi, urudie. Moto ukiruka hapo kwenye hewa ya wazi, una nguvu ya kutosha hata ndani ya silinda kwenye mgandamizo. Lakini hakikisha plagi imegusa chuma vizuri wakati wote, CDI haipendi kupiga moto usiokuwa na pa kwenda.

Halafu kuna waya mweusi wenye mstari mweupe. Kwenye Yamaha huo ndio waya wa kuzima, unatoka CDI kwenda kwenye swichi ya ufunguo na ile ya usukani. Swichi iliyoingia maji inauunganisha na bodi nusunusu, moto unakufa. Uchomoe pale CDI, jaribu tena. Ikiwaka na huo waya nje, tatizo ni swichi, umemaliza.

---

mwalimu_hima aliandika:

Mimi ningefungua ekzosi kwanza. Tustroki inachoma oili, na ile masizi inajaa kwenye mlango wa silinda na kwenye bomba la nyuma hadi injini inashindwa kutoa pumzi. Ya jirani yangu ilikwanguliwa masizi ikarudi kuwa mpya.

Na kama itashindikana, kuna watu huku wanaovua injini yote na kuweka ya fostroki ya Kichina kwenye fremu ileile. Spea zake ziko kila kona.

---

musawo_wa_mlimani aliandika:

Asanteni kaka zangu. Nimefanya leo jioni baada ya zamu.

Moto upo. Ni wa bluu, unalia, na kwenye plagi niliyoipanua unaruka bila kukosa. Waya mweusi wa mstari mweupe nimeuchomoa, hakuna tofauti. Betri nimeitoa pia, moto uleule.

Ekzosi nimeivua. Masizi yapo lakini tundu liko wazi, kidole kinapita bila shida. Kilichonishangaza ni oili. Ilimwagika oili nyeusi kutoka ndani ya bomba, ikalowesha kitambaa chote. Na plagi, nimeipangusa kwenye karatasi nyeupe nikaitazama vizuri. Sikuona petroli. Ni oili nzito, nyeusi, inateleza, na harufu yake si ile tamu ya oili ya tustroki. Inanuka kama oili ya gari iliyotumika.

Injini ya fostroki sitaweka. Hii ni nyepesi na kupanda inapanda, ndiyo sababu baba mdogo aliipenda.

---

fundi_mkongwe_bwera aliandika:

Musawo, umejibu swali lako mwenyewe bila kujua, nami nimekusoma mara mbili nihakikishe. Nafungua DT tangu utawala wa pili wa Obote. Oili ya giaboksi inapungua, sakafuni hakuna tone, moshi mweupe hauishi, plagi ina oili yenye harufu ya giaboksi. Oili hiyo inaliwa na injini. Mlango wake ni sili ya kranki upande wa klachi, ule mpira unaoziba pembeni mwa shafti inayozungushwa na pistoni.

Wengi wanaofundishwa kwenye Boxer na TVS hawaijui hii, kwa sababu kwenye fostroki tumbo la injini linakaa na oili tu. Tustroki ni tofauti. Mchanganyiko wa hewa na petroli unapita kwanza chini, tumboni, ambako kranki inazunguka. Pistoni ikipanda juu, tumbo linavuta kutoka kwenye kabureta. Ikishuka, tumbo linabana na kusukuma mchanganyiko kwenye njia za pembeni hadi juu ya pistoni. Tumbo hilo ni kama bomba lako la sindano: mpira ukipoteza ukakamavu, huvuti dawa wala husukumi. Na linafungwa na sili mbili za mpira, moja upande wa magneto, moja upande wa klachi.

Sili ya upande wa klachi ikichoka, kila pistoni inapopanda inavuta oili kutoka giaboksi badala ya kuvuta mchanganyiko wa kutosha. Oili inafika juu, inalowesha plagi, moto unazama. Ndiyo maana plagi mpya iliwaka siku moja ikafa. Na kaka wa Kikorongo hakukosea sana kuhusu mteremko: injini ikizunguka kwa kasi, uvujaji hauna muda wa kuharibu kila mzunguko, kwa hiyo inashika. Kwa kasi ya kiki, hasara inakuwa kubwa. Dalili ileile, chanzo kingine. Kipimo chako cha moto ndicho kimezitenganisha.

Kwa nini baada ya kukaa stoo? Mpira wa zamani ukisimama muda mrefu bila kulowana unakakamaa, na ule mdomo mwembamba unaoshika shafti unapoteza mshiko. Injini iliyokuwa inatembea kila siku ingejikaza miaka mingine.

Usitume silinda Kampala bado. Kwanza funga bomba la petroli, toa plagi, piga kiki taratibu mpaka oili iliyojaa tumboni itoke. Oili ikiwa nyingi mle inaweza kukupindishia kitu ukiilazimisha. Kisha tupime sili bila kubomoa injini.

Wewe una kifaa ambacho mimi nakitamani: kile kipimo cha presha cha kubana kwa mkono, chenye saa. Tafuta kilichotupwa, ambacho kitambaa chake kimechanika lakini pampu na saa ni nzima. Usitumie cha wagonjwa.

Vua kabureta na ekzosi. Ziba tundu la kabureta kwa kipande cha tyubu ya gari, kaza na klipu. Tundu la ekzosi ziba kwa tyubu pia, juu yake weka kibao, kaza kwa nati za ekzosi zenyewe. Mrija mwembamba wa oili ya tustroki unaoingia pale karibu na kabureta, ubane. Plagi ya zamani, vunja kaure yake yote, baki na chuma chenye tundu. Pitisha mrija wa kipimo, gundi izunguke vizuri, iache ikauke. Kaza kwenye silinda. Pistoni ishushwe hadi chini kabisa, ili juu na tumboni pawasiliane.

Jaza pole pole hadi saa isome 250. Usizidishe, presha kubwa inaweza kusukuma sili nzima itoke mahali pake, na utapata jibu la uongo. Tulia, tazama mshale. Kwenye injini nzima, ndani ya dakika moja usishuke zaidi ya 50.

Ukishuka haraka, tafuta inapotoka. Paka maji ya sabuni kwa brashi kwenye gasketi ya silinda, kwenye kichwa, pale ulipoziba. Fungua kava la magneto, paka nyuma yake. Halafu hiki ndicho kipimo chenyewe: giaboksi ina mrija wa kupumulia, mpira mwembamba unaotoka juu ya injini na kuning'inia nyuma. Tumbukiza mwisho wake kwenye kikombe cha maji, kifuniko cha oili kikiwa kimekazwa. Ukiona mapovu kikombeni, hewa ya tumboni inaingia giaboksi. Njia yake ni hiyo sili. Hata fundi wako wa ringi ataona kwa macho yake.

---

boda_kikorongo aliandika:

Mzee nakubali, hiyo sikuifikiria. Lakini ringi je? Oili nyingi kwenye plagi si inaweza kuwa ringi zimeisha?

---

fundi_mkongwe_bwera aliandika:

Kwenye fostroki ndiyo, oili inapanda kutoka chini kupitia ringi. Hapa oili ya giaboksi haiko chini ya pistoni, iko chumba kingine nyuma ya ukuta. Ringi zikiisha kabisa, DT inakosa mgandamizo, kiki inashuka laini kama haina kitu. Lakini ringi haziwezi kuiba oili giaboksi. Musawo, ukirudisha plagi, simama kwa uzito wako juu ya kiki bila kuipiga. Kama inakushikilia kidogo kabla ya kushuka, silinda yako bado inaishi.

---

musawo_wa_mlimani aliandika:

Nimepima, na nawaeleza yote.

Kiki inanishikilia. Nikisimama juu yake inakaa kidogo, halafu inateremka. Nimefurahi kwa hilo peke yake.

Kipimo cha presha nilikipata kwenye sanduku la vitu vya kufutwa, msimamizi akaniruhusu kwa maandishi. Kuvunja kaure ya plagi ndiyo kazi iliyonichosha kuliko zote, ilitoka vipandevipande. Gundi niliiacha ikauke usiku kucha. Mara ya kwanza mshale ulikuwa hautulii, kumbe tyubu ya upande wa ekzosi ilikuwa imejikunja pembeni, maji ya sabuni yakanionyesha. Nikaikaza upya.

Nikajaza hadi 250. Mshale ukashuka huku nikiutazama, bila kusita, na kabla ya nusu dakika ulikuwa umefika karibu na sifuri. Mlinzi wa kituo alikuwa ameshika kikombe. Akaniita: "Musawo, inachemka!" Mapovu yalikuwa yanatoka kwenye mrija mfululizo, makubwa, na yalipokoma mshale ulikuwa umelala. Tukarudia ili niwe na uhakika. Vilevile.

Upande wa magneto kuna mapovu madogo sana ya sabuni, kama povu la mate, upande wa chini. Kwenye gasketi na kichwa hakuna kitu.

Mzee, nashukuru. Sasa nifungue upande gani, na ninunue nini?

---

fundi_mkongwe_bwera aliandika:

Badilisha zote mbili. Ya magneto inavuja kidogo leo, ila hiyo ndiyo ya hatari zaidi kwa pistoni. Hapo haivuti oili, inavuta hewa tupu. Hewa ikizidi, mchanganyiko unakuwa mkavu, injini inapata joto kali na resi inapanda yenyewe, na siku moja ukiwa mlimani pistoni inashika kwenye silinda. Ndipo utakapohitaji kuchonga kweli.

Mwite fundi mwenye pula ya magneto, kile kifaa cha kuivutia nje. Asiyekuwa na pula asiguse. Nimeona magneto iliyopigwa nyundo ikapasuka sumaku ndani, na kranki ikapinda. Wakati magneto iko nje, atazame kile kipande kidogo cha chuma kinachoifunga na shafti, ile ki. Ikiwa imeliwa upande, taimingi inahama na pikipiki haiwaki vizuri hata sili zikiwa mpya.

Upande wa klachi, oili ya giaboksi imwagwe, kava la kulia litoke, klachi itoke, gia ya kranki itoke. Nyuma yake ndiyo sili. Hapa atumie macho kabla ya bisibisi: kuna injini ambazo sili inatoka kwa nje, na kuna ambazo ina ukingo unaoshikwa ndani ya kesi, hizo lazima injini igawanywe. Akiona ukingo, asiichokonoe.

Kabla ya kuitoa, piga picha. Upande wenye springi ndogo ya duara uliangalia wapi, mpya uangalie hukohuko.

Na kabla ya kurudisha chochote, shika kranki kwa vidole, jaribu kuiinua juu na chini. Kuzunguka izunguke, kucheza isicheze. Ikicheza, beringi zimekwisha, na sili mpya juu ya beringi mbovu itakufa haraka, kwa sababu shafti inaupiga mdomo wake kila mzunguko. Hapo tutazungumza upya, na injini itagawanywa. Ikikaa imara, endelea.

Pitisha ukucha kwenye shafti mahali mdomo wa sili unapokaa. Ukikwama kwenye mfereji, mwambie fundi asiizamishe sili mpya sawa na ya zamani. Aiweke milimita moja ndani zaidi au nje zaidi, mdomo ukae kwenye chuma ambacho hakijaliwa.

---

spea_kisekka aliandika:

Musawo, kwa sili usitafute kwa jina la pikipiki tu, utapewa isiyofaa. Ya zamani ikitoka, ipanguse usome namba zilizochapwa juu ya mpira. Ziko tatu: kipenyo cha ndani, cha nje, na unene, kwa milimita. Ukiwa na hizo tatu, duka lolote la beringi na sili linaweza kukuhudumia, na hapa Kisekka, soko la spea Kampala, zipo. Mwambie muuzaji ni ya kranki ya tustroki, inayogusana na petroli, asikupe ile ya shoku wala ya ekseli. Tuma picha ya zote mbili na basi la Kasese litakuletea.

Usisahau gasketi ya kava la klachi. Watu wanasahau, kisha wanapaka silikoni nyingi na inakatika kuingia kwenye oili.

---

musawo_wa_mlimani aliandika:

Nimerudi.

Fundi mwenye pula nilimpata Kisinga, kijana mtulivu, akakubali nisimame hapo nitazame. Sili ya upande wa klachi ilitoka kwa nje, haikuwa na ukingo. Nimeishika mkononi: mpira wake umekuwa mgumu kiasi kwamba ukucha hauingii, mdomo umepasuka sehemu moja na ile springi ndogo imelegea inaning'inia. Ya magneto bado ilikuwa laini nusu, nusu nyingine kavu. Ki ni nzima. Kranki haichezi, tumejaribu wote wawili. Mfereji upo upande wa klachi, mwembamba, lakini ukucha unausikia. Fundi akaiweka sili ndani kidogo kama mzee alivyosema, akaipaka grisi mdomo kabla ya kuisukuma.

Kabla ya kufunga kabureta nikamwomba turudie kipimo cha presha. Alicheka kwanza, halafu akanyamaza akitazama. Mshale ulisimama. Dakika ikapita haujashuka hata 10. Sasa anataka nimtafutie na yeye kipimo cha kutupwa.

Imewaka kwa kiki. Mwanzo ilitoa moshi mwingi ikanitisha, fundi akasema ni oili iliyobaki kwenye ekzosi, ikaungua njiani, na kufika Kyarumba nyuma yangu palikuwa peupe. Ukiiacha bila resi inatulia, haikohoi.

Nina swali moja. Kava lilipotoka, bomba la oili ya tustroki, yaani pampu yake, nalo lilifunguliwa na mrija ukamwaga oili. Nimejaza tangi, lakini nikitazama ule mrija mwembamba wa kuja injini, naona vipande vya hewa. Kesho kuna mama wa kumfuata juu, karibu na siku zake. Nipande nayo au nisubiri?

---

fundi_mkongwe_bwera aliandika:

Usiipande hivyo. Hewa ikiwa kwenye mrija, oili haifiki, na tustroki bila oili inaua pistoni mapema sana.

Pale kwenye bomba la oili kuna skurubu ndogo ya kutolea hewa, yenye washa. Tangi likiwa limejaa, ilegeze, weka kitambaa chini, acha oili itiririke mpaka isitoke tena na mapovu, kisha uikaze. Hiyo inatoa hewa kati ya tangi na bomba. Ule mrija kati ya bomba na injini hautajaa kwa njia hiyo, unajazwa na bomba lenyewe injini ikizunguka. Kwa hiyo kwa tangi hili moja la petroli, changanya oili humo pia: mililita 200 za oili ya tustroki kwa kila lita 5, utikise vizuri kabla ya kumimina. Itatoa moshi zaidi kidogo, usiogope. Iwashe, iache bila resi kubwa, utazame ule mrija hadi uone oili imejaa bila kukatika.

Ikijaa, mfuate mama. Gia ya kwanza na ya pili tu kule juu, na ukifika iache ipoe kabla ya kumpandisha. Tangi hilo likiisha, rudi kwenye petroli tupu, na uangalie oili ya giaboksi kila juma mwezi huu wa kwanza.

---

musawo_wa_mlimani aliandika:

Nimefungua skurubu, mapovu yametoka, sasa ni oili tupu. Petroli nimechanganya kwenye jerikeni ya lita 5. Mrija umejaa. Natoka alfajiri.